Farjallah Hakula

Shela yote, mtaa wa kale wa Malindi, ilijua kwamba kitu kikishaingia kwenye friza ya Saleha hakiozi. Friza yenyewe ilikaa ukumbini, ndefu, nyeupe, imetandikwa kitambaa cha kufuma juu yake, na mgeni akikaribishwa alioneshwa kiti kwanza na friza pili. Humo ndimo ilimotoka barafu ya wauza samaki na ya wauza sharubati, na vipakiti vya barafu ya ukwaju walivyogombea watoto wa madrasa. Jirani akibakiwa na nyama ya akika, alibisha kwa Saleha. Naye hakumkatalia mtu, ila kabla hajafunga kifuniko alimkumbusha kila mmoja kwamba friza hiyo aliinunua kwa jasho lake. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo, mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mwepesi kuushinda mkono.

Mumewe, Farjallah, alikuwa na duka la mabomba na pampu za maji karibu na soko. Mtu mpole, mcheshi, mwenye maradhi mawili: moja la kurithi na moja la kujitakia, kama mkewe alivyopenda kusema mbele ya wageni. La kurithi lilikuwa presha. La kujitakia, sukari. Kwani nani asiyejua mapenzi ya Farjallah kwa vitamu? Udogoni akitumwa kaimati alirudi na sahani iliyopungua na ndevu za shira. Ukubwani hapakuwa na nikahi iliyofungwa Malindi asiijue halua yake ilipikwa na nani. Na kila alikokula, alimfungia Saleha fungu lake kwenye karatasi, akarudi nalo mfukoni mwa kanzu. Ndiyo ilikuwa desturi yao tangu waoane. Sukari ilipomshika, Saleha alipiga marufuku halua kuvuka kizingiti, hata hiyo ya fungu lake mwenyewe, na Farjallah akasema si neno, yeye amekula haki yake mapema.

Vidonge viliposhindwa, akaanzishiwa insulini, sindano asubuhi na jioni. Mdungaji ni Saleha, maana Farjallah alikuwa mtu mzima anayefumba macho akiiona sindano. Siku hiyo ya kwanza muuguzi wa kliniki ya sukari, Damaris, Mgiriama wa Tezo mwenye sauti ya chini, aliwakalisha akawaeleza.

"Shikamooni wazee wangu. Dawa hii haipendi joto. Ikae kwenye friji, pale chini mnapoweka mboga."

"Marahaba, binti yangu," Farjallah akasema. "Lakini hebu nieleze. Sukari ni kitu kitamu tu. Inaniua vipi?"

"Baba, wewe wauza mabomba. Ushawahi kufungua bomba lililopitisha maji ya kisima cha chumvi miaka mingi?"

"Mara nyingi. Ndani huota magamba, hata kidole hakipiti."

"Basi ndivyo mishipa ya damu inavyokuwa. Sukari ikikaa juu huikwaruza kwa ndani, ikawa migumu, ikaziba. Ikiziba ya mguu, mguu hukatwa. Ikiziba ya kichwa, hicho ni kiharusi. Insulini huitoa sukari kwenye damu, tena mishipa yenyewe huisikiliza. Ikiwepo ya kutosha mishipa hulegea, damu hupita kwa raha. Ikikosekana, hukakamaa."

Njia nzima ya kurudi Farjallah alicheka, akisema amefunga mabomba ya watu maisha yake yote na leo yeye ndiye bomba. Saleha hakucheka. Alikuwa amelishika neno moja tu, la baridi, akalishika kwa nguvu zote.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja kaskazi na joto lake, lile la kumfanya mtu aoge na kutoka jasho papo hapo. Stima ikawa inakatika kila mara, na friji ya jikoni, mlango umelegea, mpira umechakaa, ikawa inahifadhi joto badala ya baridi. Adhuhuri moja Saleha alitoa kichupa cha insulini akakikuta vuguvugu mkononi. Alisimama nacho pale jikoni, akageuka, akaitazama friza ukumbini. Stima ikikatika kutwa, barafu ya friza haitoki hata tone. Samaki wa watu wanalala humo wiki wakiamka wazima. Je, kinachohifadhi samaki wa watu kisihifadhi dawa ya mumewe?

Na tusimcheke. Kitu cha thamani huwekwa mahali pa thamani, na nyumba ile haikuwa na mahali pa thamani kuliko hapo. Alivipanga vichupa kwenye kopo safi, akalizika kopo chini kabisa, barafu juu yake, akarudisha kitambaa cha kufuma. Ikawa kila asubuhi hutoa kichupa, akakifumbata viganjani mpaka kiyeyuke, akakitikisa, akavuta dawa. Jambo moja aliliona tangu mwanzo. Insulini ile ilikuwa nyeupe kama tui jepesi, na sasa ilitoka na vidonge vidogo vilivyonata kwenye kioo. Tui likikatika kwenye mchuzi wake, Saleha humwaga sufuria nzima akaanza upya. Lakini dawa si mchuzi, alijiambia. Aliitikisa mpaka vidonge vikavunjika, akamdunga mumewe kwa bismillahi.

Sukari ikaanza kupanda.

Mwanzoni ilipanda kwa adabu, kisha ikapanda bila haya. Kule kliniki, daktari kijana aliyekuwa zamu alikitazama kimashine cha kupimia sukari, akamtazama Farjallah, akakitazama tena kimashine.

"Mzee, kwa kipimo hiki cha dawa ulipaswa uwe chini kabisa. Kuna kitu unakula hutuambii."

"Sikula kitu, daktari."

"Damu haisemi uongo."

Saleha aliyasikia hayo akiwa nyuma ya kiti, na yalimkaa. Alikuwa amempikia yeye, amempimia yeye, amemdunga yeye. Sasa kama sukari yapanda, mwizi ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako, alisema moyoni, na hakujua alivyosema kweli. Daktari akaongeza dawa. Saleha akaongeza ulinzi. Kabati la sukari ya wageni likapata kufuli, na mifuko ya kanzu ikapekuliwa kila ilipovuliwa.

Farjallah akakonda. Akawa anakunywa maji kama aliyetoka safari ya jangwani, na kwenda chooni kila baada ya muda mfupi. Kila mtu alijua dalili hizo ni za nini, na kila mtu alimtazama mdomo kutafuta chembe ya kashata. Siku moja alimwambia mkewe alete msahafu aape.

"Usiongeze dhambi juu ya sukari," Saleha akamjibu. "Mficha maradhi, kilio humfichua."

Farjallah alinyamaza. Alikuwa na namna ya kunyamaza iliyomfanya aonekane mdogo ndani ya nguo zake, na Saleha aliona huo ndio unyamavu wa mwenye hatia.

Lakini lililomvunja lilikuwa la barazani. Kila siku baada ya magharibi Farjallah alikaa na wenzake kwenye baraza ya Azim, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, wakinywa kahawa chungu na sahani ya kashata katikati yao. Farjallah alikuwa akinywa kahawa tupu. Jioni moja Saleha alijifunga buibui lake, akatoka, akasimama mbele ya wanaume wale, jambo ambalo wanawake wa Shela hawalifanyi ila pakiwa na moto.

"Mniwie radhi, ndugu zangu. Huyu mume wangu ni mgonjwa, na kuna mahali anakula kwa siri. Anayempa kashata anampa sumu. Siku akianguka, nitakuja hapa hapa kudai."

Azim alicheka akampiga Farjallah begani. "Kumbe mwenzetu bado waiba kaimati?"

Wote wakacheka, na Farjallah naye akacheka nao. Alimaliza kikombe chake polepole, akakirudisha kwa muuza kahawa, akaaga. Hakukaa tena kwenye baraza ile. Akifunga duka alirudi nyumbani moja kwa moja, akaketi ukumbini karibu na friza, akitazama mlango ulio wazi. Saleha alifurahi kwamba sasa anamwona kwa macho. Na sukari ikazidi kupanda.

Ndipo Azim akamwoza mwanawe. Barafu yote ya harusi ilitoka kwa Saleha, kwa hiyo hakuweza kutoka nyumbani, na Farjallah akaenda peke yake kwenye nikahi baada ya alasiri. Alirudi jua halijazama, amechoka, akavua kanzu akaitundika. Saleha alisubiri aingie chooni, kisha akatia mkono mfukoni.

Kulikuwa na karatasi iliyolowa mafuta, imekunjwa vizuri, na ndani yake kitu laini. Hakuhitaji kuifungua. Harufu ya iliki na samli ilitosha. Farjallah alipotoka alimkuta mkewe katikati ya ukumbi, karatasi imeinuliwa juu.

"Na hii?"

"Sikula," Farjallah akasema.

"Iko mfukoni mwako."

"Sikula, Mama Safaa. Wallahi sikula."

"Umelamba ukaficha ya baadaye. Mtu mzima na mvi zako. Mimi nakesha na sindano, wewe unanichezea akili." Aliinua kifuniko cha friza. "Itakaa humu mpaka binti yako Safaa aje kutoka Kilifi, aione kwa macho yake, maana mimi kila siku ndiye mbaya." Akaitosa karatasi chini ya vipakiti vya ukwaju.

Farjallah alipiga hatua kumwendea, mkono wa kulia umenyooka kama anayetaka kuzuia kifuniko kisifungwe. "Sikula," alisema. "Hii ni..." Mkono ukashuka wenyewe. Saleha aliuona ukishuka, akadhani amekata tamaa ya kubisha. Kisha mdomo wake ukaenda upande, mguu ukamkosa, na akaanguka ubavu kati ya kiti na friza.

Haki yake apewe, Saleha hakuchelewa. Kabibi, jirani, alikuja mbio akasema huo ni upepo mbaya, asubiriwe mwalimu aje asome. Saleha alimwambia kwamba mwalimu atasoma hospitali. Walimbeba kwa tuktuk, kichwa chake kimelala kwenye mapaja ya mkewe, na njia nzima Farjallah alikuwa akisema, kwa ulimi mzito, neno moja tu.

"Sikula. Sikula. Sikula."

Picha ya kichwa ilionyesha damu imeganda na kuziba mshipa upande wa kushoto. Ndiyo maana, walimweleza Saleha na binti yake Safaa, mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno yamefungika. Hutokea, daktari alisema, mgonjwa akabakiwa na neno moja, pengine lile alilokuwa nalo mdomoni. Anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Atataka maji kwa neno hilo, atasalimu kwa neno hilo, atalia kwa neno hilo. Wavumilie.

Safaa alitoka nje akalia. Saleha hakulia. Alikuwa na jambo jingine kifuani, na ni aibu kulitaja, lakini lilikuwepo. Pale wodini walimdunga Farjallah insulini ya aina ileile, na kabla ya siku nyingi sukari ikashuka, ikatulia.

"Waona?" alimwambia Safaa ukingoni mwa kitanda. "Hapa hana pa kuibia. Si nilisema?"

Farjallah aligeuza macho akamtazama. "Sikula," akasema.

"Basi, Baba Safaa. Basi. Yamekwisha."

Alimrudisha nyumbani akamlaza ukumbini penye hewa. Akamlisha kwa mkono wake mwenyewe: uji wa wimbi usio na sukari, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, mchicha. Alimwosha, alimgeuza, alimfuta mate. Hakuna mwili mzito kama wa mwanamume asiyeweza kujiinua, na Saleha mgongo ulimuuma mpaka akawa anatembea ameinama. Hakulalamika hata kidogo. Na kila asubuhi alitoa kopo lake chini ya barafu, akafumbata kichupa viganjani, akatikisa, akadunga.

Sukari ikapanda tena.

Safari hii akawashuku wageni. Majirani walikuwa wakija kumtazama mgonjwa, na Farjallah aliwapokea kwa neno lake, nao wakatazamana. Kabibi alisema sokoni kwamba mzee wa watu kila siku asema hakula, sijui anashindishwa njaa. Saleha yalimfikia. Akafunga mlango. Mwenye kutaka kumjulia hali aulizie dirishani. Siku zikapita, hakuna mgeni, hakuna sahani kutoka nje, hakuna mkono uliomfikishia Farjallah kinywani kitu isipokuwa wake. Alipima sukari asubuhi. Kimashine kikaandika namba ambayo hakuwahi kuiona hata siku za barazani.

Alikaa kwenye kiti, kimashine mkononi. Mtu huyu hawezi kuinua kijiko. Hawezi kufika mlangoni. Kama leo hakula, na sukari iko hapa, basi jana je? Na juzi? Hofu ilimwingia polepole. Akampigia Safaa simu, na Safaa akamtafuta Damaris.

Damaris alikuja jioni baada ya kazi, bado ana sare yake. Alimsalimu Farjallah kwanza, akamshika mkono uliolala. "Shikamoo baba."

"Sikula," Farjallah akasema.

Damaris hakucheka wala hakushangaa. Alimpima mwenyewe, akauliza kipimo cha dawa, akauliza chakula, akaitazama sindano. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo akauliza.

"Mama, dawa yenyewe mnaiweka wapi?"

Saleha aliinuka, tena kwa fahari kidogo, maana hapo hakuwa na wasiwasi. Aliondoa kitambaa cha kufuma, akainua kifuniko, akafukua barafu, akatoa kopo, akamkabidhi. Vichupa vilikuwa vimeota ukungu mweupe wa baridi, na ndani yake dawa imeganda kabisa.

Damaris alivishika. Alikifuta kimoja kwa kidole gumba, akakiinua mwangani.

"Tangu lini?"

"Tangu joto la kaskazi. Friji iliharibika. Ulisema baridi."

"Nilisema baridi, mama. Insulini ikiganda inakufa. Ikiyeyuka huioni kama imekufa, labda uone vile vidonge. Lakini ni maji tu. Ulikuwa unamdunga maji."

Saleha alitafuta kiti kwa mkono, hakukiona, akaketi sakafuni. "Na sukari iliyokuwa ikipanda?"

"Ilipanda kwa sababu hakuwa na dawa."

"Hakuwa anakula?"

"Sidhani alikuwa anakula, mama."

"Na hiki kiharusi?"

Damaris alichutama mbele yake. Angeweza kudanganya, na pengine mtu mwingine angedanganya. "Hakuna awezaye kusema ni hilo peke yake. Presha alikuwa nayo, umri anao, sukari amekaa nayo miaka. Lakini kukaa miezi yote bila insulini, sukari iko juu, mishipa imekakamaa na damu imekuwa tayari kuganda, hilo lilimsukuma. Na sisi tuna letu. Tulimuuliza anakula nini. Hatukuuliza dawa inalala wapi."

Yote hayo yalisemwa hatua chache kutoka kitandani. Saleha hakuthubutu kuinua macho upande ule.

Damaris alileta vichupa vipya, vikawekwa kwenye friji ya Kabibi, sehemu ya mboga, na Saleha akawa anakwenda kuvichukua akiwa ameinamisha kichwa. Sukari ikashuka na kukaa chini. Hakuna ushahidi uliomuumiza kama huo. Lakini magamba ya bomba hayatoki kwa maji masafi ya siku moja. Farjallah alikuwa akididimia. Chakula kilianza kumpalia, kifua kikajaa, na daktari akamwambia Safaa faraghani kwamba mshipa mwingine ukiziba hawatakuwa na la kufanya.

Saleha alijua hayo bila kuambiwa. Na alijua alichokitaka: radhi. Mke akimkosea mumewe humwomba radhi wangali hai wote wawili, akasikia kwa masikio yake 'nimekuwia radhi', maana mume akitangulia nayo kifuani, mtu atamwomba nani? Lakini huyu mumewe ana neno moja tu ulimwenguni, na si hilo. Siku kadhaa alizunguka kitanda bila kufungua kinywa. Mwenye ulimi mwepesi, ulimi ukamwia jiwe.

Mwishowe alipiga moyo konde, akaona aanzie alikoharibu. Alijifunga buibui, akaenda kwenye baraza ya Azim, akasimama pale pale aliposimama mwanzo.

"Nilisema hapa kwamba Farjallah anakula kwa siri," aliwaambia. "Farjallah hakula. Ni mimi niliyemgandishia dawa kwenye friza, ikafa. Nimekuja niseme mbele yenu kama nilivyosema lile."

Hakuna aliyecheka. Azim aliweka kikombe chini.

"Na mimi nilimcheka," alisema. "Siku ya nikahi ya mwanangu nilimshikia sahani ya halua, nikamwambia kula, leo mkeo hayupo. Alikataa, shemeji. Aliniambia, 'Mama Safaa hajaonja halua ya nikahi tangu niugue, na nyumbani hakuna amani. Nifungie fungu lake.'"

Saleha hakungoja hata kuaga. Alirudi nyumbani, akaondoa kitambaa, akainua kifuniko, akatupa barafu ya watu sakafuni mpaka akaifikia ile karatasi. Aliifungua kwa mara ya kwanza. Mlikuwa na mapande mawili ya halua, kingo zake zimenyooka kama zilivyokatwa na kisu. Hayakung'atwa wala kulambwa. Aliketi kitandani pembeni ya mumewe, karatasi mapajani.

"Baba Safaa," alisema. "Hukula."

Farjallah alimtazama.

"Hukula. Dawa niliiua mimi kwa barafu, nikakuita mwongo mbele ya watu, na wewe ulikuwa umeniletea fungu langu. Niwie radhi, mume wangu. Niwie radhi."

"Sikula," Farjallah akasema.

Saleha alimchunguza uso, upande ulio hai na upande uliolala, akitafuta jibu ni lipi. Sauti ilikuwa ileile ya kila siku, ya kuomba maji. Kisha mkono wa kushoto wa Farjallah ukainuka, mkono ambao maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu chakula kwa huo. Ukatambaa juu ya shuka, ukaifikia karatasi, ukaisukuma kumwelekea mkewe.

"Sikula."

Saleha akamega kwa mkono wake wa kulia, akatia kinywani. Katikati ilikuwa bado na barafu. Farjallah alimtazama mpaka ameze, akaisukuma karatasi tena. Saleha alikula mapande yote mawili, machozi na iliki pamoja, kwa sababu kila aliposita mkono ule ulimsukumia. Alipomaliza alimwuliza tena kama amemwia radhi. Farjallah alikuwa amefumba macho, amelala.

Kesho yake kabla ya adhuhuri mshipa mwingine uliziba, na neno lile moja nalo likaondoka. Aliishi siku chache bila neno lolote, kisha akafa. Saleha ndiye aliyebaki kulisema. Waliokuja kumtazama mgonjwa, na baada yao waliokuja kumpa pole ya msiba, aliwapokea mlangoni, na kabla hajawaonyesha kiti aliwaambia kwamba Farjallah hakula.